Acheni Kuwasingizia Malaika Kazi ya Handel

Krismasi na Pasaka zikikaribia, kwaya nyingi za Afrika Mashariki huitoa tena kabatini "Haleluya" ya Handel, na pamoja na nota husimuliwa kisa kilekile: mtunzi alijifungia chumbani London, akafunuliwa mbingu, akatoka na Messiah, oratorio nzima yenye wimbo huo, mkononi. Kisa hicho kimelea imani kwamba muziki mkubwa hushushwa kutoka juu, na kwamba unaotungwa kwa mshahara, kwa oda na kwa kukimbizana na tarehe hauna roho. Imani hiyo ni potofu, tena inawadhulumu watunzi.

Ni kweli Handel aliiandika Messiah kwa siku 24, kuanzia tarehe 22 Agosti 1741. Huo ulikuwa mwendo wake wa kila siku: mara tu alipomaliza alishika oratorio nyingine, Samson, na kufikia mwisho wa Oktoba sehemu kubwa ilikuwa tayari. Wala hakuanza na karatasi tupu. Kwaya ya Messiah inayoshangilia kuzaliwa kwa mtoto aliijenga juu ya wimbo wa sauti mbili alioutunga Julai mwaka uleule kwa maneno ya Kiitaliano, maneno ya mtu asiyeyaamini tena mapenzi.

Mjini Leipzig nako, mtunzi Johann Sebastian Bach aliajiriwa na halmashauri ya mji mwaka 1723. Hakuwa chaguo la kwanza. Mtunzi mwenzake Telemann alitakiwa kabla yake, naye akaitumia nafasi hiyo kudai nyongeza ya mshahara Hamburg alikokuwa akifanya kazi, akaipata. Katika miaka yake ya mwanzo Bach alitoa kantata mpya karibu kila wiki: atunge, wanafunzi na watu wa nyumbani kwake wanakili nota za kila sauti na kila ala, kwaya ifanye mazoezi, na tayari Jumapili imefika. Katika mbio hizo ndimo zilimozaliwa baadhi ya kurasa bora kabisa za muziki wa kanisa.

Yeye naye alitumia upya alichokwisha kutunga. Oratorio yake ya Krismasi, iliyoanza kuimbwa tarehe 25 Desemba 1734, hufunguliwa na ngoma zikilia peke yake. Kwa nini ngoma? Kwa sababu kwaya hiyo ya ufunguzi ilitungwa mwaka 1733 kwa siku ya kuzaliwa ya malkia, na maneno yake ya awali yaliziamuru ngoma zilie. Wimbo wa kumbembeleza mtoto Yesu uliomo humo, mwaka uleule wa 1733, ulikuwa wa mhusika Anasa akimlaghai Hercules alale.

Venice nako mambo yalikuwa hayohayo. Mwaka 1723 wakuu wa Pietà, makao ya watoto walioachwa na wazazi, walipatana na mtunzi Vivaldi awape konserti mbili kila mwezi. Bach, alipokuwa Weimar, alikuwa tayari amezichukua konserti kadhaa za Vivaldi na kuzigeuza ziwe za kinanda, akajifunza humo namna ya kuupanga muziki mrefu.

Watetezi wa ufunuo watasema haraka huharibu kazi. Wana shahidi: Charles Jennens, aliyepanga maneno ya Messiah, alilalamika kwamba Handel aliilipua. Lakini tiba ya Handel ilikuwa kazi zaidi. Kwa miaka mingi, kila onyesho lilipokaribia, aliifungua upya, akabadilisha nyimbo na kuzirekebisha zilingane na sauti za waimbaji aliokuwa nao.

Madhara ya imani hii yanaonekana pale mwalimu wa kwaya anapoagizwa wimbo wa sherehe kisha anaambiwa kipaji amepewa bure, basi naye atoe bure. Bach asingelikubali neno hilo. Mwezi Agosti 1730 aliiandikia halmashauri ya Leipzig waraka mkali, akiwahesabu vijana wake: 17 wanafaa, 20 bado hawajaiva, 17 hawafai kabisa. Akawakumbusha wakubwa hao kwamba wanamuziki wa Dresden hupiga vizuri kwa kuwa mfalme huwalipa, hivyo hawahangaikii riziki. Alitaka waimbaji wa kutosha, wapigaji wa kutosha, na fedha za kuwalipa. Anayetaka muziki wa kiwango kile leo aanzie kwenye madai hayohayo.