Kiti cha 60B huamuliwa Agosti



Wengi wetu ni wageni Minneapolis, hivyo tukumbushane historia ya kiti chetu katika Baraza la Wawakilishi la Minnesota, kiti cha Cedar-Riverside na maeneo ya Chuo Kikuu.

Phyllis Kahn, mwanasayansi, alichaguliwa 1972 akakaa miaka 44, mipaka na namba za kiti zikibadilika. Sheria ya 1975 ya kudhibiti moshi wa sigara ndani ya majengo ni kazi yake. Mwaka 2014 Mohamud Noor alimpinga kwenye mchujo, akashindwa. Mwaka 2016 Ilhan Omar, aliyepitia kambi ya wakimbizi Kenya, aliwashinda wote wawili. Omar alipogombea Bunge la Marekani 2018, Noor alirudi, akakipata.

Wote ni wa chama chetu, DFL. Kwa hiyo mabadiliko ya 2016 na 2018 yaliamuliwa kwenye mchujo wa Agosti. Novemba ilithibitisha tu. Utumishi mrefu tunauheshimu, ila kiti hakina hatimiliki, na aliyeshindwa jana si wa kutupwa.

Bado tunasikia humu: "Mimi nitapiga Novemba." Anayengoja Novemba hukuta chakula kimeshapakuliwa.

Raia wote, nendeni kwenye mchujo. Hujajiandikisha? Minnesota inaruhusu kujiandikisha kituoni siku hiyo hiyo. Beba uthibitisho wa anwani. Asiye raia asipige kura kabisa, ila akumbushe majirani.

Uongozi wa Tawi