Kirusi cha kiwavi kijaribiwe kwanza Maruku

Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, mkulima wa mahindi wa Muleba na Bukoba amebeba gharama ambayo zamani hakuijua. Hununua dawa, hukodi bomba, na bado kiwavi aliyekwisha kujificha ndani ya moyo wa mhindi hafikiwi. Pembeni kuna kuku, nyuki na buni chini ya migomba, na sumu haichagui.

Ipo njia nyingine, nayo si ngeni Tanzania. Kirusi kinachowaua viwavijeshi wa asili kilijaribiwa mashambani humu nchini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008: kilifaa pale viwavi walipopuliziwa wangali wadogo. Brazili ilikwenda mbali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kirusi cha kiwavi wa soya kilitumika katika takriban hekta milioni 2, na wanavijiji walilipwa kwa kuokota viwavi waliokufa nacho, wakasagwa kuwa dawa. Biashara kama hiyo vijana wa Kamachumu wasingeikataa.

Kiwavi hula jani lenye kirusi. Ganda la kirusi huyeyuka ndani ya utumbo, ambao una hali ya magadi, kisha kirusi huingia mwilini. Lakini hakifanyi kazi peke yake. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Valencia, Hispania, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kiwavi aliye ndugu wa viwavijeshi. Kirusi kilidhoofisha kinga ya utumbo wake, na bakteria wanaoishi humo wakaongezeka. Viwavi wasio na bakteria hao walistahimili maambukizi kwa muda mrefu zaidi. Yaani bakteria wa tumboni humsaidia kirusi kuua.

Hapo ndipo fedha ya mkulima inapohusika. Bakteria hao hawafanani kila mahali. Hutegemea chakula cha kiwavi na mazingira yake. Dawa iliyopimwa kwa viwavi wa maabara za Ulaya haina dhamana ya kuua vilevile viwavi wa mahindi ya rweya za Muleba. Kituo cha utafiti cha TARI Maruku hakiko mbali na mji wa Bukoba. Kipewe fedha za kuijaribu dawa hiyo, vuli na masika, kwa viwavi waliokusanywa Kagera, kabla mwenye duka la pembejeo hajaagiza katoni moja. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu nayo idai takwimu hizo.

Mwenye duka ana la kujifunza pia. Jua na joto huharibu kirusi, hivyo katoni iliyowekwa chini ya bati la moto ni hasara, na dawa yenyewe hupuliziwa jioni. Kiwavi hafi siku hiyohiyo. Huendelea kutambaa siku kadhaa kabla ya kuning'inia kwenye jani na kuyeyuka. Mkulima asiyeelezwa haya atadhani ameuziwa maji, atapulizia sumu juu yake, na atakuwa amelipa mara mbili.

Na bei itajwe kwa ekari, si kwa chupa, ili ailinganishe na sumu aliyoizoea.