MKONO ULIOFANYA KAZI UANDIKWE

Ndugu Wafanya kazi,

Katika karakana zetu kumezuka swali, nasi tumeona afadhali tulijibu hapa mbele ya wote kuliko kulinong'ona pembeni. Swali ni hili: mtu akinunua mabaki ya ndege iliyoanguka, ndege ya zile zinazoundwa nyumbani, akaiunda upya mpaka ikaruka, ni nani atakayeitwa mwundaji wake mbele ya sheria? Ni yule wa kwanza, ni huyu mwenye pesa, au ni fundi aliyeajiriwa kugonga ribiti?

Wako wanaocheka wakilisikia. Wanasema hayo ni mambo ya matajiri wa Marekani na michezo yao, hayamhusu mtu anayegombea nyongeza ya mshahara. Sisi twasema yanamhusu sana. Ndani ya swali hili mmejificha ugomvi wetu wa kila siku: kazi ni ya nani, na nani anatia saini juu yake.

Kwanza tueleze mambo yalivyo. Huko Marekani kuna kampuni zinazouza ndege vipande vipande ndani ya makasha. Mojawapo ijulikanayo sana ni Van's Aircraft ya jimbo la Oregon. Mnunuzi huletewa mabati ya alumini, mbavu za mabawa, boliti na michoro, kisha hujifungia katika gereji yake miaka miwili, mitatu, hata kumi, akitoboa na kugonga ribiti kwa maelfu. Ndege hiyo haipiti katika mitihani mirefu ya ndege za kiwandani. Hupewa cheti cha kuruka cha namna ya majaribio, lakini kwa sharti moja kubwa: sehemu kubwa ya kazi, yaani zaidi ya nusu, iwe imefanywa na watu walioifanya kwa kujifunza au kujifurahisha tu. Wenyewe huiita kanuni ya asilimia 51.

Sharti hili halikubaliwi kwa maneno matupu. Mwundaji hutia saini karatasi ya kueleza kazi ilivyofanywa, na mkaguzi akitaka ushahidi anaonyeshwa daftari na picha za kazi tangu mwanzo. Ndege hupigiliwa kibao cha chuma kisichoungua kwa moto, chenye jina la mwundaji, aina ya ndege na namba yake. Ndani huwekwa tangazo la kumwonya abiria kwamba ndege hii haikutimiza kanuni za ndege za kawaida. Kisha hurushwa bila abiria kwa majaribio, kwa kawaida saa 25 au 40, ndipo ifunguliwe. Baada ya hapo hukaguliwa kila miezi 12.

Sasa ndugu, litazameni jambo moja ambalo sisi tunalisifu. Aliyeiunda ndege anaweza kuomba cheti cha kuikagua mwenyewe kila mwaka. Haulizwi alisoma chuo gani wala baba yake ni nani. Anatakiwa kuonyesha kwamba ndiye mwundaji mkuu na kwamba ana ujuzi wa kutambua kama ndege iko salama. Sheria inakiri kwamba mkono ulioufunga mhimili wa bawa unaujua mhimili huo. Na cheti hicho hakiuzwi pamoja na ndege. Tajiri akija na gunia la dola, atanunua ndege, lakini ujuzi wa aliyeiunda hataununua. Itambidi atafute fundi mwenye leseni, au akae chini asome, apate cheti chake mwenyewe.

Hapo ndipo panapoanza hila, hasa katika ndege zilizoanguka na kufufuliwa.

Njia ya haki ipo, wala si ngumu kuieleza. Ukiitengeneza ndege iliyovunjika, ndege ni ile ile. Jina lililo kwenye kibao hubaki la mwundaji wa kwanza, na kazi yako huandikwa katika daftari la ndege: bawa gani ulilibadili, lini, kwa mchoro gani. Ukiwa kweli umeunda ndege mpya, basi onyesha kazi yako hatua kwa hatua uhesabiwe. Lakini sehemu iliyotolewa katika ndege ya kiwandani, hata ukiing'arisha ikawa kama mpya, haihesabiwi kuwa uliiunda wewe. Kukarabati ni kazi ya heshima. Kuunda ni kazi nyingine.

Njia ya hila ni mbili. Ya kwanza: mtu ananunua kibao na madaftari ya ndege iliyokufa, anayapachika juu ya ndege nyingine, na ndege isiyo na asili inapata asili kwa siku moja. Sheria ya Marekani inakataza kuondoa au kubadili kibao hicho bila idhini, na wapo wanaothubutu. Kumpa mtoto jina la babu yake ni heshima. Kuipa ndege jina la ndege iliyokufa ni kumdanganya atakayepanda kesho.

Hila ya pili ndiyo inayotuuma sisi. Mwenye pesa anaajiri mafundi, wanaiunda ndege tangu mkia mpaka pua, kisha yeye anatia saini kwamba ameiunda kwa mikono yake kwa ajili ya kujifunza. Jambo hili lilienea kiasi cha kwamba mwezi Februari 1908 lisingefikirika, lakini mwezi Februari 2008 serikali ya Marekani ilisimamisha kwa muda kuzipima ndege mpya za makasha, na mwaka 2009 ikatoa maelezo mapya ya kupambanua kazi ya mwundaji na kazi ya kulipia. Kusema uwongo mbele ya serikali yao ni kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 5.

Tajiri akiogopa kifungo hicho, hufanya nini? Humficha fundi. Fundi hulipwa kwa mkono, jina lake halitajwi katika daftari, picha zake hazipigwi. Mkono wake umekuwa bidhaa ya magendo. Ndege ikipata sifa, sifa ni za tajiri. Fundi akienda kutafuta kazi mahali pengine, hawezi hata kusema ndege ile aliiunda yeye. Na siku bawa litakapolegea angani, hakuna ajuaye wa kumwuliza, kwa sababu aliyeandikwa hajui, na anayejua hakuandikwa.

Wengine watatujibu: "Karatasi si kitu. Ndege ikiruka imeruka." Tuwape habari ya mtu mashuhuri. Tarehe 12 Oktoba 1997 mwimbaji John Denver alianguka na kufa katika ghuba ya Monterey, California, akirusha ndege ya namna ya Long-EZ. Ndege ile haikutoka katika makasha wala haikuwa imefufuliwa. Iliundwa na mtu mwingine kwa kufuata michoro, naye Denver alikuwa ameinunua karibuni. Mchoro uliweka mkono wa kubadili tangi la mafuta mbele ya rubani, kati ya miguu. Mwundaji aliuhamisha akauweka nyuma ya bega la kushoto, na haukuwa na alama. Wachunguzi wa serikali walisema rubani alipogeuka kuutafuta, ndege ilimponyoka. Walitaja pia upungufu wa rubani mwenyewe, kwamba hakuizoea ndege hiyo vya kutosha, lakini mahali pa mkono ule na kukosa alama kwake vilikuwa miongoni mwa sababu.

Fikirini, ndugu. Hapo jina la mwundaji lilijulikana, cheti kilikuwepo, na bado jambo moja lililokuwa wazi kichwani mwa mwundaji halikumfikia mnunuzi kama ilivyopasa. Je, itakuwaje pale ambapo hata jina la mwundaji ni la uwongo?

Sasa turudi kwetu. Kenya ndege hairuki mpaka Mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, iwe imeridhika nayo, na fundi mkuu mwenye leseni ndiye anayetia saini kwamba kazi imekwisha na ndege yaweza kutoka. Sheria hiyo hatuipingi. Twaitaka, na twataka ishikwe. Tunachopinga ni desturi ya kumgeuza mwenye leseni kuwa muhuri wa mpira. Saa mbili usiku, abiria wanangoja, bwana mkubwa anakuja na karatasi: "Tia saini, bati limekwisha kufungwa, mambo ni sawa." Aliyeifanya kazi ni kijana kibarua ambaye jina lake haliko popote. Anayetia saini hakuona ndani. Ikitokea ajali, bwana mkubwa yuko nyumbani, leseni inayonyang'anywa ni ya fundi.

Nchi hii inajua uchungu wa karatasi inayosema habari za mfanya kazi bila mfanya kazi kuwa na neno. Wazee wetu walitembea na kipande shingoni ndani ya kikasha cha chuma, na kalamu iliyoandika humo ilikuwa ya mwajiri. Mateso yale hatuyalinganishi na daftari la ndege. Twasema hili tu: karatasi ya kazi ikishikwa na upande mmoja, huwa fimbo ya upande huo.

Kwa hiyo twadai mambo manne, na twataka kila tawi liyapeleke mezani.

Kwanza, kila kadi ya kazi iandikwe jina la aliyefanya kazi pamoja na jina la aliyekagua, hata kama aliyefanya ni kibarua wa siku moja.

Pili, hakuna kutia saini kazi iliyofunikwa. Mkaguzi aitwe kabla bati halijafungwa. Huko Uingereza waundaji wa ndege za nyumbani wana wakaguzi wanaokuja hatua kwa hatua wakati kazi ingali wazi. Yawezekanaje ndege ya kujifurahisha ikaguliwe vizuri kuliko ndege ya kuchukua watu kwa nauli?

Tatu, anayekataa kutia saini asichokiona asifukuzwe wala asihamishwe kwa hila. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 46, inasema kumlalamikia mwajiri, ikiwa lalamiko lina msingi, si sababu ya haki ya kumfukuza mtu kazi. Mwenye kutishwa na aje ofisini kwa Chama mapema, asingoje barua.

Nne, fundi anapoondoka apewe cheti chake cha kazi. Kifungu cha 51 cha sheria hiyo hiyo kinamlazimisha mwajiri kukitoa kwa mtu aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi. Si fadhili. Na kazi alizofanya zitajwe, ili mkono wake umtangulie mahali aendapo.

Na kwenu mafundi wenzetu twasema neno la mwisho bila ya kuficha. Mtu akikujia na mabaki ya ndege, ya makasha au ya kiwandani, akasema, "Itengeneze, lakini jina lako lisionekane," mkatalie. Pesa zake zitakwisha mwezi huu. Daftari lile lisilo na jina lako litaendelea kuruka na watu miaka mingi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka kuitwa mwundaji na ashike nyundo. Asiyeshika nyundo amlipe fundi wazi wazi, na amwandike.

Umoja ni nguvu.