Lumbesa ya taifodi

Mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni hahitaji semina kuijua lumbesa. Gunia likishajaa linaongezewa kilemba, linashonwa kwa kamba, na mnunuzi analilipa bei ya gunia moja. Serikali imelikemea jambo hili miaka nenda rudi: sheria imeweka ukomo wa kilo 100, na maofisa wa Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kuibandika stika. Ni sawa kabisa. Lakini mkulima huyo huyo akishikwa na homa, akaingia maabara ya kando ya barabara, anapimwa kwa mzani ambao stika yake hajapata kuiona.

Tunauzungumzia mzani wa Widal, kipimo cha taifodi. Tone la seramu, tone la kitendanishi, kigae kinatikiswa dakika chache. Chembechembe zikishikana, karatasi inaandikwa "taifodi 1:160" na mgonjwa anaondoka na dawa ya sipro mfukoni. Kitendanishi chenyewe kinatakiwa kukaa kwenye jokofu, na joto la bonde la Ruaha kila dereva wa lori la Tunduma analijua.

Kipimo hiki kina umri mkubwa kuliko hospitali zetu nyingi; Georges-Fernand Widal alikitangaza Ufaransa mwaka 1896. Wala hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani nyayo zake, na nyayo hazisemi mwizi alipita jana au mwaka juzi, wala kama ni yeye au ndugu yake. Kwa watu wanaoishi kwa maji ya mto, nyayo hazikosekani.

Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliupima mzani huu na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Walichukua damu ya watoto 1,680 waliolazwa, wakaiotesha, kisha wakailinganisha na Widal. Bakteria wa taifodi walipatikana kwa watoto 16 tu. Widal iliwagundua robo tatu ya hao. Ila kati ya watoto ambao Widal iliwaita wagonjwa, waliokuwa na taifodi kweli ni kama mmoja kwa kila wanne. Na hiyo ni Widal ya mirija, iliyofanywa na watafiti wanaojua wanachunguzwa. Ya kigae, tone moja, mchana wa soko, tuiweke wapi? Hii ni lumbesa: majina matatu ya ziada juu ya gunia, na wenye majina wanalipia dawa.

Wanaolipia zaidi ni wale ambao homa yao ilikuwa kitu kingine. Brusela kwa mfano, kwa mnywaji wa maziwa mabichi, haitibiwi kwa dozi ya taifodi.

Tutaambiwa kuotesha damu ni ghali, kunachukua siku kadhaa, na kwenyewe hukosa wagonjwa, hasa waliokwisha kumeza antibayotiki. Kweli. Hiyo ni sababu ya kutibu kwa uangalifu. Haimpi mtu ruhusa ya kuuza jibu la uongo kwa kuwa la kweli linachelewa.

Nyanda za Juu Kusini zenyewe zinajua kazi hii inavyofanywa. Mashine ya GeneXpert ya kupima kifua kikuu ilipokuja, watafiti wa Mbeya hawakuipokea kwa makofi. Waliisimamisha mbele ya hadubini na makohozi yaliyooteshwa, na mwaka 2011 wakaandika wazi: ilibaini kama wagonjwa 88 katika kila 100, ila wale ambao hadubini iliwakosa iliwapata 61 hivi kwa 100. Udhaifu ukaandikwa pamoja na sifa. Mashine mpya inahojiwa. Kipimo cha mwaka 1896 kinapitishwa bila kuulizwa.

Msimamo wetu ni kwamba Wizara ya Afya ipige marufuku jibu la taifodi linalotokana na Widal ya kigae peke yake. Kila maabara, ya serikali na ya binafsi, itumiwe sampuli ambazo majibu yake yanajulikana kwa mkaguzi tu, na alama ilizopata zibandikwe mlangoni, kama stika ya mizani. Itakayoshindwa mara mbili ifungwe hadi irekebishwe. Sheria ya maabara binafsi za afya ipo tangu 1997; haikutungwa ili ikae kabatini.

Nawe msomaji, ukipewa karatasi ya taifodi kabla kiti hakijapata joto, waulize swali moja: mmeotesha?