Salme Si Hadithi ya Mapenzi

Nimechoka. Kila likitajwa jina la Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, watu wanakimbilia jambo moja: eti alimpenda Mjerumani, akapata mimba, akatoroka Unguja mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza. Basi, hadithi imekwisha. Kana kwamba huyu mama alikuwa na moyo tu, kichwa hana.

Mimi nasema uhuru wake haukuanzia melini. Ulianzia kwenye mfupa. Jumbani alimokulia, wasichana walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika, hapana. Salme akatafuta mfupa wa bega la ngamia, kalamu na wino, akawa ananakili herufi za msahafu kwa siri mpaka mkono ukazoea. Hapo hakuna mchumba wala Mjerumani. Kuna msichana anayetaka kuandika.

Angalieni sasa kilichofuata. Mwaka 1859 Barghash alipopanga kumpindua ndugu yake Majid, barua za njama aliziandika nani? Salme huyo huyo, wa miaka 15. Mnaona kwa nini kalamu ilifichwa? Anayesoma hupokea maneno ya wenzake. Anayeandika hutuma yake, na huwezi kujua yatafika wapi.

Yake yalifika mbali. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza ukubwani, naye ni mjane mwenye watoto watatu. Humo anabishana waziwazi na Wazungu waliojifanya kumjua mwanamke wa Mashariki kuliko anavyojijua mwenyewe.

Najua nitakachoambiwa: mbona kitabu hicho hicho kinautetea utumwa? Kweli, kinautetea, na inauma zaidi kwa sababu mama yake mzazi alitekwa utotoni kwao Circassia, akaishia kuwa suria wa Sultani. Lakini jamani, hiyo ndiyo sababu ya kumsoma kama mtu mwenye fikra. Bibi harusi wa hadithi za mapenzi hana hoja, kwa hiyo hana cha kujibu. Mwandishi anazo, na lazima azijibu. Tukimsifia mapenzi yake tu, tunampokonya kalamu, na papo hapo tunamsamehe alichoandika kwa kalamu hiyo. Mimi sikubali lolote kati ya hayo mawili. Uhuru wa akili haugawiwi watu wema peke yao, wala haumwondolei mtu lawama.

Hebu niambieni, ni nani anayeanza kumhakiki Shaaban Robert kwa kutueleza alioa nani? Hakuna. Tunauliza alisema nini, tukibisha tunabisha. Basi na mwanamke apewe haki hiyo hiyo: asomwe, abishiwe, akikosea aambiwe amekosea. Habari za nani alimpenda zingoje mpaka kitabu kimesomwa.