Hewa ukaa peke yake haitoshi

Kwetu Koboko na Arua, Uganda, habari haiishii kwenye hewa ukaa. Ni kweli hewa ukaa ikizidi, karanga na kunde hutengeneza sukari nyingi, na bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi wakishiba hunasa naitrojeni zaidi. Lakini kazi hiyo inakula fosforasi na inataka maji. Shamba likiwa limechoka, au mvua ikikatika, faida yote inaweza kupotea. Mkulima ang'oe mche mmoja taratibu wakati wa maua, apasue kinundu kwa ukucha: kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi, kikiwa cha kijani au kijivu, hamna kitu. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Abi hapo Arua watusaidie kupima udongo kwanza.