Watoto wa Ipogolo Wacheze Wapi?



Katika Sura Yusuf tunasoma kuwa watoto wa Nabii Yaaqub (a.s.) walimwomba baba yao amwachie Yusuf aende nao kesho yake akafurahi na kucheza. Msomaji azingatie jawabu la mzee yule. Hakuwaambia kuwa mchezo ni upuuzi, wala kwamba mtoto wa Mtume hachezi. Alichokihofia ni mbwa mwitu amle mwanawe hali wao wameghafilika naye.

Sisi wa Ipogolo hatuna mbwa mwitu. Tuna barabara kuu ya TANZAM inayopita chini ya mlima wa mji wa Iringa, na malori yanayokwenda na kurudi Zambia, Malawi na Kongo usiku na mchana. Tuna daladala na bajaji zipandazo mjini, na pikipiki ambazo dereva wake akiona foleni barabarani hukata kona akapita katikati ya nyumba zetu kama kwamba hapana anayeishi humo. Vile viwanja vilivyokuwa wazi tulipokuwa wadogo vimejengwa kimoja baada ya kingine. Kilichobaki kwa mtoto anayetaka kucheza rede, kombolela au chandimu ni kichochoro cha mbele ya mlango wao.

Mwaka jana mwanafunzi wa madrasa yetu, mtoto wa miaka minane, aligongwa na pikipiki katika kichochoro cha jirani na msikiti. Alivunjika mguu na kukaa na plasta kwa miezi mingi. Alhamdulillah leo anatembea, ingawa kwa kuchechemea kidogo. Aliyemgonga hakuwa mlevi wala mgeni wa mtaa. Alikuwa ndugu yetu wa safu ya mbele, aliyesikia iqama ya Alasiri akaongeza mwendo ili asipitwe na rakaa. Ndiye aliyembeba mtoto hospitalini, na gharama alizitoa yeye. Hatumtaji ili kumfedhehesha. Tunalitaja tukio kwa sababu wengi wetu huja msikitini kwa mwendo ule ule, na tunasahau kuwa Mtume (s.a.w.) amewakataza wanaosikia iqama wasiiendee Swala mbio, bali waende kwa utulivu, waswali walichokidiriki na kukamilisha kilichowapita. Ikiwa katazo hilo limemhusu mwenye kwenda kwa miguu yake, aliyepanda chombo cha moto ana udhuru gani?

Nami nina sehemu yangu katika kosa. Wiki ile niliwasimamisha wanafunzi nikawapiga marufuku kuonekana wakicheza njiani. Walitii siku tatu nne. Kisha nikapata khabari kuwa baadhi yao wanashinda katika kibanda cha video, na wengine wanateremka kuchezea kando ya mto Ruaha Mdogo bila ya mtu mzima. Marufuku yangu haikuwa imeondoa hatari. Iliwahamisha tu watoto wakaenda penye hatari nyingine nisiyoiona.

Basi tunasema hivi. Njia za mitaani mwetu huzifunga mara nyingi, wala hapana anayeshangaa. Akifa mtu, turubai hutandwa katikati ya njia siku tatu na magari huzunguka. Arusi ikija, hufungwa tena, na mara nyingine kwa makelele ambayo hatuyaridhii. Siku ya Ijumaa safu zinapojaa hadi nje, tunatandika mikeka njiani na mwenye pikipiki husubiri hadi imamu atoe salamu. Kwa nini basi tushindwe kufunga kichochoro kimoja, saa mbili kwa wiki, watoto wacheze?

Wapo watakaosema kuwa mtoto wa Kiislamu apewe Qur'an, si mchezo. Maneno haya huyasikia zaidi kwa sisi walimu. Lakini Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) aliwakuta watoto wakicheza akawatolea salamu, hakuwafukuza. Imepokewa pia kuwa alikuwa akienda mahali alipoalikwa chakula, akamkuta mjukuu wake Hussein anacheza njiani. Akawatangulia aliokuwa nao, akanyoosha mikono kumkamata, mtoto akawa anakimbilia huku na huku naye akimchekesha mpaka akamshika. Hilo lilikuwa njiani, mbele za watu. Naye Imam Ghazali katika Ihyaa amewausia walimu wamruhusu mtoto acheze mchezo mzuri baada ya kutoka chuoni, kwani kumfunga na masomo mfululizo kunaufisha moyo wake na kumfanya atafute hila za kuyakimbia. Kila mwalimu aitazame ratiba yake. Mtoto wetu yupo shuleni tangu asubuhi, akitoka anaingia madrasa, akitoka huko jua linazama. Saa ya kucheza tumeiweka wapi?

Wengine watasema tudai kiwanja kwanza. Na tudai, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetaja kucheza na kupumzika miongoni mwa haki za mtoto, na maeneo ya wazi si mali ya mwenye fedha za kununua. Lakini mtoto wa miaka minane hangoji. Kiwanja kikipatikana baada ya miaka kumi, atakuwa na ndevu.

Jambo lenyewe si geni duniani. Uingereza ilitunga sheria ya mitaa ya kuchezea mwaka 1938, na mwaka 2009 wazazi wa mji wa Bristol walilifufua kwa kufunga mtaa wao saa chache baada ya shule. Karibu yetu, Kigali tangu mwaka 2016 hufunga baadhi ya barabara zake asubuhi za Jumapili maalumu ili watu watembee na kufanya mazoezi, na Addis Ababa ilianza jambo la namna hiyo mwaka 2018. Hayo ni majiji. Kichochoro cha Ipogolo ni chepesi zaidi, maana hapana basi linalokipitia. Na sababu ni moja kote, kwani Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29.

Tahadhari moja kubwa. Asije mtu akachukua mawe na magogo akafunga njia kwa jina la gazeti hili. Barabara kuu ipo chini ya TANROADS, nayo haiguswi kabisa. Barabara za mitaani zipo chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Mlango wa kupitia ni mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, kisha mkutano wa wakazi, kisha kibali kwa maandishi na polisi wa usalama barabarani wapewe taarifa. Majirani zetu Wakristo ni wengi, na watoto wao wanagongwa na pikipiki hizo hizo. Kwa hiyo suala hili lipelekwe kama jambo la mtaa, lisifanywe la msikiti. Tunapendekeza Jumapili alasiri, wakati wao wamekwisha toka kanisani na sisi tumekwisha swali, hadi robo saa kabla ya Magharibi. Usiku unapoingia Mtume (s.a.w.) ametuusia tuwazuie watoto wasitoke, na hapo pana kipimo kizuri cha kufungua njia.

Kila ncha ya kichochoro wasimame watu wazima wawili, wenye subira, si wa kugombana. Mwenye mgonjwa apite. Mkazi mwenye gari alitoe kabla ya Alasiri, na akirudi ndani ya muda ule asindikizwe kwa mwendo wa miguu. Wasichana wapate nafasi yao ya rede na kuruka kamba, wasisukumwe pembeni na wavulana wenye mpira, kama ilivyo ada yetu mbaya. Gololi za kuchezea fedha hapana, wala spika za muziki. Wanasiasa wenye jezi na mabango nao waambiwe kwa adabu kuwa siku zao zipo.

Madrasa yetu imekwisha amua kuacha darasa la Jumapili alasiri. Mwenye pikipiki yule amejitolea kusimama ncha ya upande wa msikiti, akaomba zamu ya kwanza iwe yake. Sasa wanatakiwa wengine watatu, na barua ya kwenda kwa mwenyekiti inahitaji sahihi za wakazi wa kichochoro chote. Karatasi ipo kwa mwadhini baada ya kila Swala ya Isha.